Taarifa za Watu: Zifunikwe Lini?

Mnamo Mei 2015, maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika katika kijiji cha Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, na kipindupindu kikazuka miongoni mwao. Wengi walisafirishwa kwa meli ya Liemba hadi Kigoma, kisha wakapelekwa katika kambi ya Nyarugusu. Katika hali kama hiyo, orodha ya wagonjwa ni msaada mkubwa kwa matabibu, kwani huonyesha nani anaumwa, ametoka wapi na aliugua lini. Lakini orodha hiyo hiyo, ikiangukia mikononi mwa asiyehusika, yaweza kumdhuru mtu aliyekwisha kuikimbia nchi yake.

Siku hizi orodha za namna hii huhifadhiwa katika kompyuta. Je, tutajuaje kama programu inayozihifadhi yahitaji kufunika taarifa?

Kufunika taarifa ni kutengeneza nakala ambamo taarifa za kweli zimebadilishwa kwa za kubuni zenye umbo lile lile. Jina huwa jina jingine. Nambari ya simu huwa nambari nyingine yenye idadi ile ile ya tarakimu. Jambo hili ni tofauti na kufunga kwa ufunguo wa siri, kwa maana mwenye ufunguo aweza kufungua, lakini nakala iliyofunikwa vizuri hairudishwi katika hali yake ya kwanza.

Ili kuamua, tujiulize maswali matatu.

Kwanza, je, taarifa zahusu watu? Hesabu ya chupa za dawa haihitaji kufunikwa. Taarifa za afya ni nyeti kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Pili, je, zitaonwa na mtu asiyemhudumia mgonjwa, kama vile fundi anayeijaribu programu?

Tatu, je, kazi ya mtu huyo yaweza kufanyika bila taarifa za kweli? Fundi aweza, daktari hawezi. Mchunguzi wa chanzo cha ugonjwa mara nyingi hahitaji jina, lakini ukimfichia kijiji na tarehe, umemfumba macho.

Kuondoa majina peke yake hakutoshi. Mwaka 1997, huko Marekani, Latanya Sweeney alizitambua kumbukumbu za matibabu za gavana wa Massachusetts zisizo na jina, kwa kulinganisha tarehe ya kuzaliwa, jinsia na nambari ya posta na orodha ya wapiga kura.

Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili darasani. Kila mwanafunzi aandike katika karatasi, bila jina, mwezi na mwaka wa kuzaliwa, jinsia na mtaa anaokaa. Kisha zihesabiwe karatasi zisizofanana na nyingine yoyote. Kila moja kati ya hizo ni mtu anayeweza kutambulika. Baada ya kuhesabu, karatasi zote zichomwe.