Maua Ukingoni mwa Shamba

Wakulima wengi wa pembeni mwa Lubumbashi hufyeka ukingo wa shamba mpaka ubaki mwekundu, mtupu. Shamba safi, husema, ni sifa ya mwenyewe. Sisi twathubutu kuwapinga kidogo, hasa ndugu zetu wa Kasungami, ambao bukari na mboga za watoto wao hutoka katika udongo huo.

Tumtazame kidukari, mdudu mdogo anyonyaye utomvu wa maharagwe na mboga. Yuko nzi mwenye milia ya manjano, huelea juu ya ua kana kwamba ametundikwa kwa uzi, na watu humdhania nyuki. Funza wake hula vidukari kwa mamia. Yuko pia nyigu mdogo mno, hutaga yai ndani ya kidukari aliye hai. Mtoto wake humla kwa ndani, na ganda hubaki limevimba, rangi ya kahawia. Mama akigeuza jani akaliona ganda hilo, asilipondeponde: mtumishi wake yu karibu kutoka. Lakini nzi na nyigu hao wakiisha kukua, chakula chao hasa ni utamu wa maua. Pasipo maua huhama, au hufa kabla ya kutaga mayai ya kutosha.

Je, wa ukingoni huingia shambani kweli? Katika mashamba ya maharagwe ya wakulima wadogo, mkoani Kilimanjaro, Tanzania, wataalamu waliyapaka majani ya ukingoni rangi yenye kung'aa. Siku zilizofuata wakawakuta wadudu marafiki wenye rangi hiyo katikati ya maharagwe! Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2019. Huko Uswisi nako, mwaka 2015, ilitangazwa kwamba ngano iliyopandwa kando ya ukanda wa maua yaliyochaguliwa ilipungukiwa na madhara ya wadudu kwa 61 katika 100.

Hatusemi maua yatamaliza kila adui. Viwavijeshi kutoka Marekani, walioonekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016, bado wanatutesa katika mahindi, ingawa nyigu wa kwetu wamekwisha kuonekana wakitaga ndani yao katika Ethiopia, Kenya na Tanzania. Lakini dawa ya sumu ikimwagwa ovyo huua nyigu pamoja na kiwavi, hula fedha ya karo, na mboga huchumwa kabla sumu haijaisha.

Basi, mvua za Novemba zianzapo, hatua mbili za ukingo zitoshe: alizeti, giligilani iachwe ichanue, na lumba-lumba. Wanaolalamikia ardhi iliyopotea wakumbuke kwamba alizeti ina mafuta na giligilani ina wanunuzi. Wakati wa kiangazi, moto usipitishwe ukingoni, maana wadudu wengi hujificha humo. Mbegu ziwekwe mahali pakavu hadi Novemba nyingine.