Kipimo Kikionyesha Huna Malaria

Mwanachuo wa Bagamoyo akiamka na homa, koo linawasha na kichwa kinagonga, hukimbilia kupima malaria. Anafanya vyema, maana pwani hii bado ina mbu. Kosa huja majibu yakitoka kwamba hana malaria. Anapita duka la dawa, ananunua antibayotiki kama vidonge vya rangi mbili au azuma bila cheti cha daktari, pengine nusu dozi kwa sababu boom, yaani fedha za mkopo, halijaingia. Akipata nafuu, vilivyobaki anamgawia mwenzake wa hosteli.

Homa hiyo ni ya nini? Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara. Takriban saba katika kila kumi walikuwa na maambukizi ya virusi. Wenye malaria walikuwa kama mmoja tu katika kumi. Hao ni watoto, si wanachuo, lakini matokeo yanatosha kutufikirisha.

Rangi mbili nyingi ni amoxicillin, dawa inayowazuia bakteria kujenga ukuta wa seli zao. Virusi havina ukuta huo, kwa hiyo dawa haivigusi. Mafua ya virusi huisha yenyewe: mwili umejiponya, sifa inapewa dawa, na hapo hata wasomi hudanganyika. Wakati huohuo dawa imeshuka tumboni, wanakoishi bakteria wengi wasiotudhuru. Wanyonge wanakufa, sugu wanabaki na kuzaliana. Mmoja wa bakteria hao wa tumboni, E. koli, akipata mazingira mazuri hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi, na anaweza kuwapa hata bakteria wa jamii nyingine vinasaba vya usugu.

Gharama ya usugu huo tumeiona. Katika utafiti wa hospitali ya Muhimbili wa 2001 na 2002, watoto zaidi ya wanne katika kumi waliokuwa na bakteria wa kundi la Gram hasi (kundi la E. koli) kwenye damu walifariki, zaidi ya maradufu ya vifo vya wenye malaria. Kutibiwa kwa dawa isiyoweza kuwaua bakteria hao kwa sababu ya usugu kuliongeza hatari ya kifo.

Zipo homa zinazohitaji antibayotiki kweli, kama za nimonia, taifodi na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), na ni mtaalamu wa kuzitambua. Basi, ukiambiwa huna malaria, usitoke kwa tabibu kabla hujamuuliza homa imetokana na nini. Akikuandikia dawa, imeze kama alivyoelekeza na usimgawie mtu. Ukishindwa kupumua vizuri, shingo ikikakamaa au homa ikigoma kushuka, nenda hospitali siku hiyohiyo.