KUTENGA SI KUGAWA

Tunayo maneno mengi ya kuachanisha vitu. Ulezi tunaupepeta kwa ungo ili makapi yaondoke. Maharage tunayachambua, mabovu tunayatupa. Unga tunauchekecha. Maneno hayo hayana taabu. Mikono yetu inayajua.

Lakini yapo mawili yanayotaka uangalifu: kutenga na kugawa.

Tazama zizini. Jioni unamtenga ndama ili asinyonye usiku, upate maziwa asubuhi. Kukicha atarudi kwa mama yake. Sasa ng'ombe akichinjwa na nyama ikagawanywa, kila mtu huondoka na fungu lake. Nani atalirudisha? Kilichotengwa kimewekwa kando kwa kazi fulani. Kilichogawiwa kimekwenda kwa watu.

Hata katika ndoa ni hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatofautisha kutengana na talaka. Waliotengana bado ni mume na mke, hata kama kila mmoja analala kwake.

Tofauti hii ina uzito mkubwa katika ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila kibali cha Mkutano wa Kijiji. Mkutano huo ni wewe na jirani zako. Malisho yaliyotengwa ni ya wote. Yakigawiwa, yana wenyewe, na ng'ombe wako akiingia utadaiwa fidia.

Usidhani kwamba kutenga hakuna gharama. Wilayani Serengeti, vijiji vya Robanda, Nata-Mbiso, Makundusi, Nyichoka na Park Nyigoti vilitenga sehemu ya ardhi yao kwa ajili ya wanyamapori. Eneo hilo linaitwa Ikona. Ardhi ni ya vijiji, na mapato ya watalii huingia vijijini, lakini huwezi kupeleka jembe huko. Basi ukisikia "imetengwa", uliza: kwa kazi gani? Ukisikia "imegawiwa", uliza: kwa nani?

Uliza kabla ya kutia sahihi au dole gumba kwenye muhtasari wa mkutano.

ZOEZI
Soma sentensi hizi mbili kwa sauti:
Ekari 40 za bondeni zimetengwa kwa malisho.
Ekari 40 za bondeni zimegawiwa kwa watu wanane.
Je, mwakani utachunga wapi?