Mwalimu Aliyekua Pamoja na Wanafunzi Wake

Sheria ya Elimu ya Uingereza ya mwaka 1944 iliwataka viongozi wa wilaya kumpatia elimu kila mtoto, isipokuwa yule ambaye wataalamu wangethibitisha kwamba hafundishiki shuleni. Mtoto aliyekwisha kuandikwa hivyo alitolewa mikononi mwa idara ya elimu na kukabidhiwa idara ya afya. Wapo waliopelekwa katika vituo vya mafunzo mepesi, wapo waliobaki nyumbani na mama zao, na wapo waliolazwa katika hospitali kubwa za watu wenye ulemavu wa akili, wakazeekea humo. Miongoni mwao walikuwamo watoto wengi wenye usonji, hali ambayo ndugu zetu wa Kenya huiita pia tawahudi, kutokana na neno la Kiarabu lenye asili moja na wahid, yaani mmoja, kwa kuwa mtoto huonekana kana kwamba anaishi peke yake katikati ya watu.

Mwalimu tunayemzungumzia leo katika ukurasa huu wa familia, Sybil Elgar, alizaliwa mwaka 1914. Hakuwa daktari, wala hakuwa mwanazuoni wa chuo kikuu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, umri wake ukiwa umekwisha kupita miaka 40, alikuwa akisomea kwa njia ya posta ualimu wa watoto wadogo kwa mfumo wa Maria Montessori, ndipo alipopata nafasi ya kuizuru hospitali moja ya mchana mjini London. Huko aliwaona watoto waliohesabiwa kuwa wamevurugika mno, na hali aliyowakuta nayo ilimsikitisha. Mapema katika miaka ya 1960 akaanza kuwafundisha wachache wao katika chumba cha chini ya ardhi cha nyumba yake, mtaa wa St John's Wood.

Ili tuuone uzito wa hatua hiyo, hatuna budi kukumbuka mawazo yaliyotawala wakati ule. Leo Kanner, tabibu wa watoto aliyefanya kazi Baltimore, Marekani, alikuwa ameieleza hali hii mwaka 1943 kwa kuwachunguza watoto 11. Baada yake ikaenea kauli kwamba chanzo chake ni ubaridi wa wazazi, na hasa mama asiyempenda mwanawe. Bruno Bettelheim alikishadidia kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 1967, na akina mama wasiohesabika wakabeba hatia isiyokuwa yao. Haukupita muda mrefu, mwaka 1977, Susan Folstein na Michael Rutter wakachapisha uchunguzi wao juu ya watoto mapacha, uliobainisha kwamba urithi wa kimaumbile una nafasi kubwa katika jambo hili. Sisi nasi tusicheke. Mitaani mwetu mama huambiwa kwamba alimpitisha mtoto penye jini, au kwamba anavuna alichokipanda ujanani. Lawama ni ile ile, imebadili vazi tu.

Elgar hakungoja mabishano hayo yamalizike. Swali lake lilikuwa la kiualimu: mtoto huyu anaelewa nini, na kipi kinamzuia asielewe zaidi? Majibu yake yanaonekana mepesi mno yakisomwa kwenye karatasi. Siku iwe na mpangilio unaojulikana. Chumba kisiwe na vurugu ya vitu. Maneno ya mwalimu yawe machache na ya wazi, na jambo lionyeshwe kwa macho na kwa mkono kabla ya kutarajiwa kueleweka kwa masikio. Mwalimu awe mtulivu, lakini asilegee.

Natuuchukue mfano wa lugha, ambao kila mwenye mtoto wa aina hii anaufahamu. Mtoto anaulizwa, "Unataka chai?" naye anajibu, "Unataka chai." Jirani hudhani kwamba anafanya mzaha au hana akili. Kumbe mtoto anasema kweli kwamba anaitaka hiyo chai, ila ameyachukua maneno yote kama yalivyomfikia, pamoja na ile "u" ambayo alipaswa kuigeuza kuwa "ni". Mwalimu anayelijua hilo hamkaripii. Huweka kikombe mbele yake, akamwambia "Nataka chai", kisha akamngoja. Kesho hurudia, na mwezi ujao bado anarudia. Siku mtoto anapoitamka "nataka" bila kutanguliwa, mgeni aliyeingia darasani hataona lolote la ajabu, na huenda akamshangaa mwalimu anayefuta machozi.

Au mfano wa kelele. Wengi wa watoto hawa husikia sauti za kawaida kana kwamba zimepazwa mara kumi; wengine hawastahimili mguso wa kitambaa fulani, au badiliko dogo la njia ya kwendea nyumbani. Anapojitupa chini sokoni, watu husema amedekezwa. Mwalimu hutazama kwanza kilichotangulia: je, ilikuwa honi, umati, au duka lililofungwa siku ambayo kwa kawaida huwa wazi? Nidhamu ya kiboko hapa haifundishi kitu, kwani inamwongezea hofu aliyekwisha kuzidiwa na hofu.

Wazazi nao hawakukaa kimya. Mwaka 1962 waliunda chama chao nchini Uingereza, akiwamo Lorna Wing, daktari wa magonjwa ya akili ambaye binti yake mwenyewe alikuwa na usonji. Mwaka 1965 chama hicho kilifungua shule Ealing, magharibi mwa London, na Elgar akawa kiongozi wake. Wageni wakaja kujionea wenyewe kwamba watoto walioandikwa "hawafundishiki" walikuwa wanafundishwa. Sheria ikafuata nyuma: mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kukifuta kile kifungu cha kuwatenga, ikaanza kutumika Aprili 1971.

Mwalimu mwingine angetosheka hapo. Lakini watoto wale wa chumba cha chini walikuwa wakikua. Waliota ndevu, wakazidi urefu wa mama zao, na shule haikuwa na la kuwafanyia tena, ilhali hospitali zile kubwa zilikuwa bado zipo wazi. Mwaka 1974 kikafunguliwa Somerset Court, makazi ya kwanza nchini humo kwa watu wazima wenye usonji, na Elgar, ambaye sasa alikuwa na umri wa karibu miaka 60, akahamia huko pamoja na mumewe kwenda kuyasimamia. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu kubwa zaidi ya kazi yake, ingawa haitajwi sana. Alifariki Januari 2007, na shule ya Ealing ilikwisha kupewa jina lake.

Hapa kwetu, Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, huandaa walimu wa elimu maalumu, na zipo shule za msingi zenye vitengo vya watoto wenye usonji. Mwenye mtoto mdogo ana mahali pa kuanzia kuuliza. Ni baada ya shule ya msingi ndipo njia inapokuwa nyembamba. Mama mmoja aliiandikia kamati yetu ya msikiti kuhusu mwanawe wa miaka 17, anayejua kufua, kupanga viatu na kuhesabu fedha ndogo. Hakuomba mchango wala dawa. Aliuliza iwapo ipo kazi yoyote ambayo kijana huyo angeweza kuifanya kila siku kwa saa ile ile, na ni nani atakayemjua kwa jina siku mama mwenyewe atakapokuwa hayupo. Barua hiyo imewekwa katika ajenda ya kikao kijacho, na wazazi wengine wenye vijana wa hali hiyo wanaombwa wafike.