Kiungio cha Tela na Usalama Barabarani

Gari likokotapo tela, vyombo viwili vizito hushikamanishwa na kipande cha chuma kinachoenea kiganjani. Kipande hicho kikiachia, tela huendelea na mwendo wake bila dereva wala breki, na aliye mbele yake hana pa kukimbilia. Kwa hiyo kiungio hakichaguliwi kwa kubahatisha.

Kiungio kitumiwacho sana na magari madogo na pikapu ni tufe la chuma lililofungwa nyuma ya gari, likafunikwa na kikombe kilichomo katika mkono wa tela. La kwanza la kuangaliwa ni kipimo. Katika nchi nyingi tufe lina kipenyo cha milimita 50. Marekani hupima kwa inchi, na mojawapo ya matufe yake lina milimita 47.6 tu. Tofauti hiyo haitambuliki kwa macho, na huenda kikombe cha milimita 50 kisikatae kufungwa juu yake. Lakini gari likipita katika shimo, kikombe chaweza kuchomoka. Yafaa basi kulinganisha namba zilizochongwa juu ya tufe na kikombe.

La pili ni uzito. Gari, tufe na kikombe, kila kimoja kina kikomo chake. Kikomo kilicho kidogo kuliko vyote ndicho cha kufuatwa.

La tatu ni mpango wa mzigo. Tuseme tela la ekseli moja lina kilo 1000 pamoja na shehena, na ekseli iko mita 3 nyuma ya tufe. Kitovu cha uzito kikiwa sentimita 30 mbele ya ekseli, tufe hubeba kilo 100, yaani sehemu moja ya kumi. Hapana budi kuhakikisha kuwa tufe limeruhusiwa kubeba kiasi hicho. Kitovu kikiwa nyuma ya ekseli, mkono wa tela huliinua gari kwa nyuma, na mwendo ukizidi tela huyumba, kila myumbo ukiushinda uliotangulia. Hapo dereva ashike usukani imara na kuondoa mguu katika mafuta mpaka tela litulie.

Hatimaye, minyororo miwili ya usalama ipishanishwe chini ya mkono wa tela. Kikombe kikichomoka, minyororo hiyo huudaka mkono kabla haujachimba barabara.