Si kila uvimbe wa shingo hutibiwa kwa chumvi

KATIKA soko la Mosocho, kilomita chache kutoka mjini Kisii kwenye barabara iendayo Kisumu, mwanamke aliyevimba shingo hana haja ya kuuliza anaugua nini. Wauza ndizi wenzake watamwambia papo hapo kwamba hilo ni rovu, au goita kama wengine waliitavyo, na kwamba dawa yake ni chumvi. Jawabu hilo lilikuwa sahihi kwa nyanya zake. Kwake yeye, huenda likamchelewesha kupata tiba.

Nyanda za juu za Gusii hupata mvua nyingi karibu mwaka mzima. Mvua hiyo ndiyo inayositawisha chai, ndizi na wimbi, lakini pia imekuwa ikiosha madini ya iodini kutoka udongoni na kuyapeleka mitoni tangu jadi. Tezi ya thairoidi, iliyokaa mbele ya koo mfano wa kipepeo aliyekunjua mabawa, huyatumia madini hayo kutengeneza homoni zinazoamua mwili uende kwa kasi gani: mapigo ya moyo, joto la mwili, usagaji wa chakula, hata wepesi wa fikra. Iodini ikiadimika, tezi hujitanua ili inase kila chembe inayopita katika damu, na hapo ndipo shingo huvimba.

Kenya ililikabili tatizo hilo kwa sheria. Tangu mwaka wa 1978 chumvi ya kula hutakiwa kutiwa iodini, na ile inayovunwa Gongoni na Marereni katika Pwani ya Kenya hufika madukani Kisii ikiwa imekwisha kuchanganywa na madini hayo. Rovu la kukosa iodini limepungua sana. Hata hivyo, wanawake wangali wanafika hospitalini wakiwa na shingo zilizovimba, na wengine hufika wakiwa na tezi iliyoharibika bila uvimbe wowote kuonekana kwa nje.

Wengi wa wagonjwa hao wanapatwa na jambo ambalo Waswahili walilisemea zamani waliponena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na viini vya maradhi, huikosea tezi na kuiona kama adui. Daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, aliieleza hali moja ya namna hiyo mwaka wa 1912 baada ya kuchunguza tezi za wanawake wanne. Katika ugonjwa unaoitwa kwa jina lake, tezi hushambuliwa polepole, pengine kwa miaka mingi, mpaka ikashindwa kutoa homoni za kutosha. Hali ya pili ina jina la Robert Graves, daktari wa Dublin aliyeiandikia mwaka wa 1835. Katika ugonjwa huu kinga haiui tezi bali huichochea, nayo hutoa homoni kupita kiasi, mfano wa gari ambalo kanyagio la mafuta limekwama.

Wanawake hupatwa na maradhi haya mara nyingi zaidi kuliko wanaume. Huandama koo za jamaa, na wakati mwingine hujitokeza katika miezi ya kwanza baada ya kujifungua.

Si rahisi kuyatambua. Mwanamke aliyepungukiwa na homoni huchoka, hunenepa bila kula zaidi, huhisi baridi wenzake wakitokwa na jasho, hufunga choo, sauti humkwaruza na mambo humtoka akilini. Hedhi huvurugika, na huenda asishike mimba au mimba zikamharibikia. Mama wa Mosocho anayeamka alfajiri kuchuma chai na kulala baada ya watoto wote ana sababu kumi za kuchoka, na hakuna atakayefikiria shingo. Mwenye homoni nyingi huwa kinyume chake: hukonda ingawa anakula, moyo humwenda mbio, mikono hutetemeka, usingizi humpaa, hasira huwa karibu, na pengine macho humtoka kiasi cha kuwatisha watoto.

Mtu anapobadilika hivyo, tabia na sura, majirani hutafuta wa kulaumiwa. Katika sehemu za Gusii tuhuma za uchawi zimeua watu: mwezi wa Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa kuchomwa, na mwezi wa Oktoba 2021 wanawake wanne wakongwe waliuawa huko Marani. Hakuna asemaye kwamba chanzo cha mauaji hayo kilikuwa tezi. Lakini ni wazi kwamba penye mazoea ya kusema "amerogwa", kipimo cha damu kina thamani kubwa kuliko bei yake.

Kipimo chenyewe huitwa TSH. Hupima homoni ambayo tezi ndogo iliyo chini ya ubongo huituma ili kuiamuru thairoidi ifanye kazi. Ikipanda sana, maana yake ni kwamba thairoidi imezembea na inapigiwa kelele. Ikishuka karibu na sufuri, thairoidi inafanya kazi kupita kiasi bila kuamriwa. Kipimo cha pili huonyesha kama damu ina kingamwili zinazoishambulia tezi.

Baada ya majibu hayo ndipo hoja ya chumvi huanguka. Mtu mzima huhitaji takriban maikrogramu 150 tu za iodini kwa siku, na chumvi ya kawaida ya mchuzi hutosha. Kuongeza kijiko hakuizuii kinga kushambulia. Huongeza shinikizo la damu tu. Isitoshe, iodini iliyozidi yaweza kuiwasha tezi iliyokuwa na kasoro tayari. Katika miaka ya 1990, baada ya chumvi yenye iodini kuenea, wagonjwa wenye homoni nyingi waliongezeka nchini Zimbabwe na katika Kivu, mashariki mwa Kongo. Hiyo si sababu ya kuitupa chumvi hiyo, kwani imewaokoa watoto wengi mno na udumavu wa akili. Ni sababu ya kujihadhari na unga wa mwani na vidonge vya iodini vinavyouzwa kama tiba ya goita.

Aliyepungukiwa na homoni hupewa levothairoksini, kidonge kinachoziba pengo la kile ambacho tezi haiwezi tena kukitoa. Yule ambaye tezi yake imekufa kabisa huhitaji karibu maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani takriban 100 kwa siku kwa mwenye kilo 60, ingawa wazee na wenye maradhi ya moyo huanzia chini sana. Kwa kawaida dawa hii ni ya maisha. Kosa la kawaida ni kuiacha mtu anapopata nafuu, akidhani amepona, ilhali nafuu hiyo ndiyo dawa yenyewe.

Kosa jingine limo ndani ya kikombe. Asubuhi nyingi za Gusii huanza kwa chai ya maziwa, na maziwa huzuia dawa hii isiingie vyema mwilini. Kidonge humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, kisha mtu husubiri nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai, kahawa au uji. Mwenye asubuhi ya haraka aweza kukubaliana na daktari akimeze usiku, saa tatu baada ya chakula. Vidonge vya madini ya chuma, ambavyo wajawazito hupewa kliniki ili kuongeza damu, viachane nacho kwa saa nne. Kipimo kikibadilishwa, damu hupimwa upya baada ya wiki sita hadi nane. Kupima mapema kuliko hapo ni kupoteza pesa.

Mwenye homoni nyingi hupewa kabimazoli, mara nyingi kwa miezi 12 hadi 18. Dawa hii ina hatari moja isiyopaswa kufichwa. Katika watu wachache, chini ya mmoja kati ya 100, hupunguza chembe nyeupe za damu ghafla, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Dalili zake ni homa na koo kuuma. Kisii ni nchi ya malaria ya mlipuko, na mwenye homa hukimbilia duka la dawa. Anayemeza kabimazoli akifanya hivyo aweza kufa. Anapaswa kuisimamisha dawa mara moja na kwenda hospitali kubwa, kama vile Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, ahesabiwe chembe za damu siku hiyo hiyo.

Karibu nusu ya wagonjwa hurudiwa baada ya kumaliza dawa. Hao hushauriwa kufanyiwa upasuaji, au kunywa iodini yenye mnururisho inayoiua tezi kutoka ndani, tiba inayomlazimu mgonjwa wa Mosocho kusafiri zaidi ya kilomita 300 hadi Nairobi. Haipewi mjamzito wala anayenyonyesha, na wengi wanaoipata huishia kumeza levothairoksini maisha yao yote. Mwenye macho yaliyotokeza huulizwa kwanza kama anavuta sigara, kwa kuwa moshi huyazidisha.

Mwanamke mwenye ugonjwa wowote kati ya hii miwili anastahili kumwambia daktari kabla hajashika mimba. Kabimazoli yaweza kumdhuru mtoto katika miezi ya mwanzo, hivyo hubadilishwa. Levothairoksini, kinyume chake, haiachwi hata siku moja: mjamzito huongezewa karibu robo au zaidi mara tu mimba inapojulikana, kwa maana mtoto hutegemea homoni za mama katika wiki zake za kwanza, kabla hajawa na tezi yake. Akishajifungua hurudishwa kwenye kipimo chake cha zamani, na damu yake hupimwa tena baada ya wiki sita.