UPS Nne za Aina Moja, Kompyuta Moja: Ipi ni Ipi?



 Ndugu wasomaji, safari hii tumeona tuzungumzie jambo la chumba cha kompyuta. Siku hizi madrasa nyingi huweka humo majina ya wanafunzi, matokeo ya mitihani, hesabu za michango na darsa za masheikh zilizorekodiwa. Hizo ni amana za watu, na zinaweza kupotea kwa umeme kukatika mara moja tu.

UPS ni kile kisanduku kizito chenye betri kinachokaa baina ya umeme wa ukutani na kompyuta. Umeme ukikatika, betri hushika kwa dakika chache. Tunasema dakika, kwa sababu wako wanaodhani ni jenereta. Sisi wa Unguja hatujasahau giza la Mei hadi Juni 2008, wala lile la Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka Bara uliposita kufika. UPS haikuwekwa kwa balaa kama lile. Kazi yake ni kuipa kompyuta nafasi ya kufunga mafaili na kuzimika taratibu.

Lakini kompyuta haitajua kuwa inatumia betri mpaka iambiwe. UPS hutoa habari hizo kwa waya wa USB: niko kwenye umeme, niko kwenye betri, betri inakwisha. Programu ndani ya kompyuta husikiliza na kuamua. UPS ikiwa moja hakuna tabu. Tabu huanza pale anapotokea mfadhili, Allah amlipe kheri, akaleta nne za aina moja kutoka duka moja, nasi tukazichomeka zote katika kompyuta moja ili iwe mlinzi wa wenziwe.

Kila kifaa cha USB kikichomekwa hujitambulisha kwa namba mbili, ya kiwanda na ya aina ya bidhaa. UPS nne za aina moja hutoa namba zile zile. Programu iliyoambiwa tu itafute UPS ya kiwanda fulani itashika ya kwanza kuiona, na kesho kompyuta ikiwashwa upya, ya kwanza huenda ikawa nyingine.

Wanaosoma elimu ya Hadithi hawatashangaa. Sanad ikitaja "Sufyan" peke yake, ni Sufyan al-Thawri aliyefariki mwaka 161 Hijria au ni Sufyan bin Uyayna aliyefariki mwaka 198? Maulamaa hawakubahatisha. Walitazama kapokea kwa nani na nani kapokea kwake. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria, alitunga kitabu kizima, al-Muttafiq wal-Muftariq, juu ya wapokezi waliolingana majina ilhali ni watu mbali mbali.

Kwa UPS, kinachoshika nafasi ya nasaba ni siriali namba, ambayo kiwanda huipa kila mashine peke yake. Iko programu ya bure iitwayo NUT, aliyoianzisha Russell Kroll miaka ya 1990, inayotumika sana kwenye Linux. Katika faili lake la ups.conf kila UPS hupewa jina na siriali yake (hizi hapa ni za mfano):

[ofisi]
driver = usbhid-ups
port = auto
serial = "A001"

[maktaba]
driver = usbhid-ups
port = auto
serial = "A002"

Ndugu msomaji atauliza, na zile zisizo na siriali? Zipo, hasa za bei nafuu. Baadhi hujitambulisha kwa 0665:5161 na basi. Hapo hubaki kuzijua kwa tundu zilimochomekwa. Msitegemee namba ya kifaa ambayo kompyuta huitoa wakati wa kuchomeka, kwani waya ukichomolewa na kurudishwa namba hiyo hubadilika. Matoleo mapya ya NUT yana neno busport, linalotaja tundu lenyewe pale mashine inapokubali. Tieni utepe wa rangi moja kwenye waya na tundu lake, na vijana waambiwe wasihamishe. Kwa maoni yetu, ni bora kuongeza fedha kidogo dukani na kupata yenye siriali.

Sasa tufike penye hatari kubwa, nayo watu huipita mbio. Katika faili la upsmon.conf, kila mstari wa MONITOR una tarakimu inayosema UPS ile inailisha umeme kompyuta hii au la. Inayoilisha huandikwa 1. Inayotazamwa tu huandikwa 0. Mtu akiandika 1 kwa zote nne, kompyuta huamini ina vyanzo vinne vya umeme. UPS yake ya kweli ikiishiwa betri, itajisemea bado ziko tatu, haitajizima, na itaanguka ghafla huku mafaili yako wazi. Yaani ulinzi wote ule umekuwa bure kwa tarakimu moja.

Kompyuta nyingine hupata habari kwa mtandao kutoka kwa ile kuu. Kwa hiyo swichi ya mtandao nayo ichomekwe kwenye UPS. Umeme ukikatika na swichi ikazimika, nani atafikisha habari? Printa ya leza msiiweke humo, hula umeme mwingi kwa mpigo.

Kabla ya kuamini chochote, jaribuni. Ondoeni kompyuta kwenye UPS, wekeni taa, kisha chomoeni UPS ya ofisi ukutani na mtazame kwa amri ya upsc ofisi. Mstari wa ups.status utoke OL uende OB. Ikiwa ni maktaba iliyobadilika, majina yamepishana. Fanyeni hivyo kwa zote nne, halafu zimeni kompyuta kuu, muiwashe, mrudie tena. Na siku UPS moja ikifa ikaletwa mpya, siriali yake ni nyingine; faili libadilishwe siku hiyo hiyo.